Haki ya Ukuta na Haki ya Njia

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba nyingi hazina uwanja mbele. Mlango ukifunguliwa, mguu wa kwanza unakanyaga baraza, wa pili uko njiani. Vichochoro vya Kiponda, Sokomuhogo na Mkunazini ni vyembamba kiasi kwamba hamali mwenye mzigo akitokea upande mmoja, anayetokea upande wa pili hujibanza ukutani ampishe, na ukuta huo ni wa mtu. Mkaazi wa shamba, mwenye minazi baina yake na mwenzake, anaweza kumaliza umri wake bila kuulizwa swali ambalo mjini huulizwa kila siku: nyumba ya mtu inaishia wapi?

Swali hilo ni la fikihi, na ni la falsafa pia. Majengo ya mji yamelijibu kwa namna yake. Ukiyatazama vizuri, umiliki unaonekana kama ngazi yenye vidato: kuna kilicho cha mtu peke yake, kuna anachoshirikiana na jirani, kuna alichowaachia wapita njia, na kuna alichokitoa kwa Mungu kabisa, kisirudi kwake wala kwa warithi wake.

Sehemu kubwa ya nyumba zinazoonekana leo ni za karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Kwa kuwa mkoko haurefuki kupita kiasi, vyumba vingi vina upana wa kama mita tatu tu, hata katika nyumba za matajiri. Waliojenga walikuja na desturi mbili kubwa. Nyumba ya Kiarabu huupa mji mgongo: nje kuta nene na madirisha machache, ndani ua ulio wazi kwa mbingu, na vyumba vyote vinautazama ua huo. Nyumba ya Kihindi huukabili mtaa: chini duka lenye milango inayokunjwa, juu familia, na mbele roshani ya mbao iliyonakshiwa. Moja inaanza na sitara, ya pili inaanza na biashara, lakini zinasimama bega kwa bega katika kichochoro kimoja na mara nyingi zinaegemeana.

Kidato cha kwanza, kilicho cha mtu peke yake, kinalindwa zaidi na neno kuliko na mlango. Milango ya Zanzibar ina sifa duniani kwa nakshi zake na misumari yake ya shaba, na mingine ina maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti. Hata hivyo mchana mingi huwa wazi. Kinachomzuia mgeni ni hodi. Aya ya 27 ya Sura An-Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yanaeleza kwamba ruhusa huombwa mara tatu. Isipopatikana, mtu hurudi zake. Mwambao mzima unalijua jambo hili, hata asiyejua aya. Mtu hupiga hodi ya kwanza, husubiri, hupiga ya pili kwa sauti ya juu kidogo, na baada ya ya tatu huondoka bila kinyongo. Hapa sitara haitokani na hati ya umiliki: mpangaji wa chumba kimoja ana haki ya hodi sawasawa na mwenye jumba la ghorofa tatu, na mwenye jumba naye hana budi kupiga hodi kwa mpangaji wake.

Nje ya mlango ndipo penye baraza, na hapa jambo linastahili kutazamwa kwa makini. Baraza ni benchi la mawe lililopakwa chokaa, limejengwa pamoja na ukuta wa nyumba. Lina kazi za kawaida kabisa: huukinga msingi, na mvua za masika zikifurika vichochoroni watu hutembea juu yake kutoka nyumba hii hadi ile. Jioni huwa ukumbi. Muuza kahawa hupita na mdila wake wenye moto chini na vikombe vidogo mkononi, wazee hucheza bao, vijana hupiga dhumna, na habari za mji hupimwa hapo kabla hazijafika kwingine. Hata serikali imelichukua neno: Baraza la Mapinduzi, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Mawaziri, yote yamepewa jina la benchi la mtaani.

Sasa, baraza ni la nani? Mawe na chokaa ni vya mwenye nyumba. Fundi alilipwa na yeye. Lakini anayeketi haombi ruhusa. Akipiga hodi ili aketi barazani atashangaza watu. Kwa upande wa pili, benchi limeingia katika njia, na njia ni ya umma. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume aliwatahadharisha masahaba wasikae njiani. Wakamwambia kwamba hawana pengine pa kukaa na kuzungumza. Hakuwakatalia, aliwaambia, kama hamna budi, ipeni njia haki yake, na alipoulizwa haki hiyo ni ipi alitaja kuinamisha macho, kuondoa udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Mafundisho haya yanaipa njia, ambayo si mtu, haki juu ya watu. Anayekaa barazani anakuwa na deni, na analilipa kwa mwenendo wake: asimkodolee macho apitaye, asiache salamu hewani, mtoto akipigwa mbele yake asijifanye hakuona. Ndiyo maana mtaa wenye mabaraza yenye watu ulikuwa salama bila mlinzi. Ni kweli pia kwamba haki hii haikugawanywa sawa. Baraza la njiani ni la wanaume zaidi. Wanawake walikuwa na mabaraza yao ndani, uani na juu, na Lamu kulijengwa hata wikio, yaani chumba au daraja linalovuka kichochoro kwa juu, ambalo kwalo wenye nyumba mbili wangeweza kutembeleana bila kushuka njiani. Mwandishi yeyote anayelisifu baraza bila kulitaja hili anaeleza nusu ya mji.

Njia yenyewe ina kipimo chake. Hadithi nyingine inaagiza kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, iachwe dhiraa saba, yaani zaidi kidogo ya mita tatu. Vichochoro vingi vya Unguja havifiki hapo, na si uasi: kipimo hicho ni cha wanaogombana, na waliokubaliana wana uhuru wao. Kichochoro chembamba, kwa hiyo, ni ushahidi wa makubaliano ya kale ambayo hayakuandikwa popote ila kwenye kuta.

Ukuta wa pamoja ndio kidato kigumu kuliko vyote. Nyumba zikiegemeana, boriti za huyu huhitaji pa kukaa katika ukuta wa yule. Kuna Hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Abu Huraira, kwamba jirani asimzuie jirani yake kuingiza boriti katika ukuta wake. Wanazuoni wamegawanyika. Imam Ahmad bin Hanbal aliichukulia kuwa ni amri: jirani akihitaji na ukuta usipodhurika, mwenye ukuta hana la kukataa. Imam Malik na Abu Hanifa waliiona kuwa ni himizo la wema. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao, alianza na rai ya wajibu, na katika rai yake ya baadaye akaelekea kwenye himizo. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Anayesema ni himizo anailinda milki: mali ya mtu haihalaliki ila kwa radhi yake. Anayesema ni amri anaona kwamba mjini ukuta hauwezi kuwa wa mtu mmoja tu, kwa kuwa kivuli chake, mvua inayotiririka juu yake na uzito wake vyote vinamfikia mwingine.

Ukipita katika Mji Mkongwe, rai ya wajibu ndiyo inayoonekana kusadikiwa na mafundi, hata katika mji wa Mashafii na Maibadhi. Nyumba zimeingizana. Moja ikiondoka, ya pili inapoteza mhimili. Paa likivuja kwa mwenye nyumba mzembe, maji hushuka ndani ya ukuta, udongo mwekundu unalainika, na ufa unatokea chumbani kwa jirani asiye na kosa. Hapa mafundisho ya kumtendea wema jirani, ambayo yanaweza kusomwa kama adabu ya kupelekeana futari, yanakuwa jambo la uhai na kifo. Kupaka chokaa paa la mtu ni ibada kwa maana iliyo wazi kabisa: kuna mtoto amelala upande wa pili wa ukuta ule.

Duka ni mlango mwingine ambao nyumba hujifungulia mtaa. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu dukkan, ambalo katika matumizi yake ya zamani lilikuwa na maana ya benchi la kukalia kabla ya kuzoeleka kwa maana ya mahali pa kuuzia. Baraza na duka ni ndugu, basi, hata kwa jina. Duka la mtaa katika nyumba ya Kihindi lilikuwa chumba kimoja: kaunta ya mbao, mizani, magunia ya mchele na maharage yaliyokunjwa midomo, kopo la kupimia mafuta ya taa, na mwenye duka ameketi mahali anapoweza kuona nje na ngazi ya kwenda juu kwake kwa pamoja. Aliuza robo ya sukari ikihitajika robo. Maskini hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndipo penye mtihani wa mizani; Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo.

Chini ya kaunta kulikuwa na daftari la madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na aya mbili kabla yake inaagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Hukumu hizi mbili zinavutana katika kila duka la mtaa. Kuandika kunamlinda mwenye duka. Kungoja kunamlinda mnunuzi. Mwenye duka, Mwislamu au Mhindu, alilazimika kujua nani amefiwa, nani mume wake yuko baharini, nani ni mvivu tu. Ujuzi huo haupatikani kwa anayeishi mbali na wateja wake. Aliupata kwa sababu alilala juu ya duka lake, akasikia kilio cha nyumba ya tatu usiku.

Kidato cha mwisho ni wakfu. Asili yake hutajwa kuwa ni shamba la Khaybar ambalo Umar bin Khattab alishauriwa alizuie shina na kutoa matunda yake sadaka. Mji Mkongwe una misikiti karibu 50, mingi midogo, isiyo na mnara, ambayo mgeni anaweza kuipita akidhani ni nyumba ya mtu. Mingi iliishi kwa kodi za nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu: duka likauza vitunguu, na kodi yake ikanunua mafuta ya taa, mikeka na maji ya udhu. Wengine waliweka wakfu nyumba kwa ajili ya watoto, wajukuu na watumwa waliowaacha huru, kisha maskini. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka India, Baraza la Rufaa la London liliamua kwamba wakfu wa kunufaisha ukoo huku maskini wakiwekwa mbali sana haukuwa sadaka ya kweli, na uamuzi huo ukaja kuathiri pia mahakama za Afrika Mashariki. India ilibidi itunge sheria mwaka 1913 kuutengua. Majaji waliona ukarimu unaanza nje ya mlango. Wanazuoni walikuwa na hesabu nyingine: anayemhifadhi jamaa yake asiombe njiani amekwisha kutoa sadaka, na malipo yake ni makubwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba zao nyingi zikachukuliwa na serikali zikagawiwa familia zilizokuwa na haja. Haki ilitendeka kwa waliokuwa wakilala kwa kubanana Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na hilo lisidharauliwe. Lakini nyumba ya bwana mmoja ilipokuwa ya familia sita, paa lilibaki bila mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na chumba; hakuna aliyekuwa na dari. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Utalii ulileta fedha za kukarabati, na pamoja nazo hoteli. Kuta zimepona katika nyumba nyingi, huku barazani, mahali pa wazee, pakiwa pametandazwa vinyago na vitambaa vya kuuza, na anayetaka kuketi hana budi aonekane mnunuzi.

Penye nyumba iliyoanguka hubaki uwazi wenye kifusi na mpapai uliojiotea. Juu yake, katika ukuta wa jirani uliobaki wima, huonekana mstari wa matundu meusi yaliyopangika sawasawa, kila ghorofa mstari wake, mahali boriti zilipokuwa zimekaa.