Nirudie Mtihani?

Dada mmoja wa vijana (amenikubalia niandike) alinijia baada ya ibada. "Pasta, nirudie GMAT?" Huo ni mtihani wa kuingia masomo ya uzamili ya biashara. Alipata 575 kati ya 805, na shule anayoitaka Uingereza inachukua wa juu zaidi. Kuna mtu alikuwa amemwambia kurudia ni kukosa imani.

Mimi sioni hivyo. Gideoni aliomba ishara ya ngozi mara mbili na Mungu hakumkemea. Hata wenye mtihani wanaruhusu: ukingoja siku 16 unaweza kuufanya tena.

Nikamuuliza, safari hii utabadilisha nini? Akasema alikuwa akifanya kazi usiku, hesabu hakuzigusa sana. Hilo ni jibu. Mimi chuoni nilirudia karatasi ya takwimu bila kubadilisha kitu, nikapata alama ile ile. Niliomba sana, mazoezi sikufanya!

Halafu, pesa ni za nani? Hapo akatazama chini. Ni karo ya ndugu yake wa kidato cha tatu. Mama amesema zichukuliwe tu. Sawa, mama amekubali, lakini kijana mwenyewe nani amemuuliza?

Nilimwambia kurudia si dhambi, ila kwa pesa hizo, hapana. Alama zake ni halali miaka 5. Aweke akiba, asome hesabu, arudie mwakani. Hakufurahi. Jumapili iliyopita alikaa viti vya nyuma, na bado sijajua ameamua nini.