Usiwe wa Kwanza Kuondoka Mezani pa Chai

Mjukuu wangu, nimefurahi sana kusikia umejiunga na klabu ya treni ndogo huko Manchester. Lakini mama yako ananiambia unalalamika: wazee wa klabu wanapiga soga tu, jioni nzima inaisha na reli iliyotandikwa haizidi urefu wa mkono. Kaa kitako nikuambie. Kabla sijarudi Mombasa nilikuwa mwanachama wa klabu kama hiyo kwa miaka mingi, na mengi ninayoyajua ya kazi hii niliyaokota kwenye chai, si vitabuni.

Utakutana kwanza na ubishi wa vipimo. Waingereza wengi hutengeneza treni za OO, uwiano wa 1:76. Wamarekani na watu wa bara la Ulaya hupenda HO, 1:87. Zote mbili hupita juu ya reli za upana uleule wa milimita 16.5, na hapo ndipo vita vinapoanza, kwa sababu kwa treni ya OO upana huo ni mdogo kuliko inavyostahili. Mota za zamani zilikuwa kubwa na vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba, basi watengenezaji wakakuza mwili wa treni na kuiacha reli ilivyo. Wako wasiovumilia kasoro hiyo, wakajitandikia reli za milimita 18.2, na wengine wakali zaidi 18.83. Ubishi huu ulianza kabla mama yako hajazaliwa. Usichague upande upesi. Muulize kila mmoja kwa nini alichagua kipimo chake, kisha nyamaza umsikilize. Mmoja atakwambia ni kwa sababu chumba chake ni kidogo, mwingine kwamba alirithi masanduku ya baba yake, wa tatu kwamba macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Hapo umeshawajua watu watatu.

Kuna wale wanaoitwa wahesabu ribiti. Mtu wa aina hiyo akitazama behewa lako atakuonyesha kwamba mwaka unaouigiza, behewa hilo lilikuwa na ngazi upande wa kushoto tu. Usimchukie, anakupa bure alichokitafuta kwenye picha za zamani kwa miaka. Ila usimwige kwa mtu asiyekuomba. Mgeni akileta kibanda cha kwanza alichokigundisha kwa mikono yake, tafuta kitu kimoja kilichokaa vizuri kweli, umtajie hicho, umwulize alikifanyaje. Marekani alikuwepo W. Allen McClelland wa Ohio, aliyejenga reli yake ya Virginian & Ohio akishikilia kwamba kazi ikishatosha kumfanya mtazamaji aamini anaiona reli nzima inayofanya kazi, inatosha. Wengi walimfuata, na mimi nipo upande wao. Nimewaona watu wenye mikono ya ajabu wakikarabati kichwa kimoja mpaka wakazeeka bila kuwahi kukiona kikivuta kitu.

Jambo jingine, taja namba yako kwa sauti. Siku hizi mara nyingi umeme na amri hupita pamoja ndani ya reli, na kila kichwa kina kifaa chake kinachosikiliza namba yake. Kikitoka dukani, karibu kila mara namba yake ni 3. Nimeona kijana akiweka kichwa kipya relini, akabonyeza, na kichwa cha mzee mmoja upande wa pili wa ukumbi nacho kikaondoka kuelekea ukingoni mwa meza. Kilidakwa, alhamdulillahi. Salamu ya kwanza ukifika mezani iwe: "Jamani, nani yuko kwenye tatu?" Neno hilo moja limewazoeanisha wageni na wenyeji kuliko hotuba yoyote ya mwenyekiti.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikuandikie. Reli huchafuka. Magurudumu huokota umeme kutoka relini, na utando mwembamba wa uchafu ukishaingia kati, treni hushtukashtuka na kusimama. Kwa hiyo kila jioni kuna mtu mwenye kitambaa kilicholoweshwa spiriti anafuta reli pole pole, na kitambaa kinatoka na mistari miwili myeusi. Wewe unaiona kazi ya kuchosha. Chukua kitambaa, ufute upande wa pili wa meza. Wanaume wa umri wetu hatuelezani mambo mazito tukitazamana usoni. Lakini macho yakiwa kwenye reli, mtu atakwambia mkewe amelazwa, au mwanawe hajapiga simu tangu Krismasi, au daktari amemwita tena. Atalisema katikati ya maneno ya spiriti, kisha ataendelea na spiriti. Usikimbilie kumpa ushauri. Endelea kufuta naye, na wiki inayofuata umwulize hali ya mgonjwa, umtaje kwa jina. Hilo ndilo unaloliita soga.

Nao watakuuliza kwenu wapi. Usijibu kwa neno moja. Waambie habari za injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zenye rangi ya damu ya mzee na majina ya milima yetu, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilitengenezwa mwaka 1955 na 1956 na Beyer, Peacock pale Gorton, humo humo Manchester. Mbili zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Waambie pia reli ile ilikuwa ya upana wa mita moja, kwa hiyo anayetaka kuijenga kwa 1:87 atatumia upana wa milimita 12. Hapo utaona viti vinavutwa karibu, na pengine atatokea mzee ambaye jirani yake au mjomba wake alifanya kazi Gorton. Mwachie nafasi azungumze.

Wazee hao hawatakuwepo siku zote. Mmoja akifariki, mjane hubaki na masanduku mengi asiyojua yana nini, na wachuuzi hufika kabla ya arobaini kwisha na bei za kuumiza. Ni wanaklabu wanaoketi naye, wakampangia, wakamwambia hiki ni cha bei, hiki mpe mjukuu, hiki marehemu alikitengeneza kwa mkono wake baada ya kustaafu. Watalijuaje hilo kama hawakumsikiliza akiwa hai? Basi mzee akikuonyesha kichwa chake cha treni na kukusimulia alikinunua wapi na kukibadilisha nini, usitazame saa. Mwombe ruhusa uyaandike kwenye karatasi ndogo, uiweke ndani ya sanduku pamoja na kichwa chenyewe. Usiandike juu ya sanduku, maana sanduku lililochorwa hushusha bei, na mama wa watu atahitaji kila senti.