Bastola ya Zamani na Bei ya Haki

Kuna swali lililo la zamani kama soko lenyewe: bei ya haki ya kitu ni ipi? Wengi hujibu upesi, "Bei ya haki ni ile waliyopatana mwuzaji na mnunuzi." Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Na tulipime kwa mfano.

Tuseme kwamba mzee mmoja wa Kashuga, katika wilaya ya Masisi, amefungua sanduku la marehemu baba yake, ambaye zamani alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba. Chini ya nguo amekuta bastola. Si bastola ya vita, bali ya kulengea shabaha: mtutu wake ni mrefu, alama yake ya kulengea husogezwa kwa bisibisi, na gurudumu lake dogo lina matundu sita ya risasi. Mzee haoni kitu ila chuma cha kuleta matata. Anakuja mgeni, anaigeuza mkononi, anasema, "Chuma kikuukuu hiki. Nitakupa bei ya mbuzi mmoja." Mzee anakubali kwa furaha. Wamepatana. Je, mgeni ametenda haki?

Kwanza tutazame wajuzi wa vitu hivi wanavyovipima. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaokusanya bastola za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Mjuzi hutafuta alama ya kiwanda na ya ukaguzi. Zile zilizopimwa Liège, nchini Ubelgiji, tangu mwisho wa karne ya 19 zina herufi ELG ndani ya duara refu lenye taji. Hutazama kama namba za vipande vyote zinalingana, kama mtutu ni safi kwa ndani, kama gurudumu halichezi, kama misumari ya bisibisi haijachokolewa. Na hili litawashangaza wengi: bastola iliyosuguliwa na kupakwa rangi upya ili ing'ae mara nyingi hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, kwa maana mjuzi anataka ile rangi ya kwanza, hata kama imefifia. Sanduku la karatasi lililotoka nayo kiwandani nalo huongeza bei. Basi kitu kile kile, ambacho machoni pa mzee ni mbuzi mmoja, machoni pa mgeni chaweza kuwa ng'ombe kadhaa.

Mgeni atajitetea hivi: "Sikusema uwongo. Sikumlazimisha. Yeye hakujua, mimi nilijua. Nimesoma miaka mingi ili nijue." Utetezi huu si wa kudharauliwa. Lakini kwanza, uwongo amesema, maana ameiita chuma kikuukuu hali moyoni anaiita hazina. Kitabu cha Mithali kinamjua mnunuzi wa namna hii, anayekilaumu kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Na hata kama angalinyamaza kimya, lingebaki swali la pili: ujuzi wake unampa haki ya kupata nini?

Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyekufa mwaka 430, alisimulia habari ya mtu mmoja aliyeletewa kitabu cha kununua. Akaona kwamba mwuzaji hajui thamani yake na anataka fedha kidogo tu. Mtu yule akamlipa bei ya haki, nyingi kuliko alivyotazamia mwuzaji. Hakuna aliyemlazimisha, wala sheria isingalimshtaki. Alifahamu tu kwamba kutojua kwa mwenzake si mali yake yeye. Ujuzi una mshahara wake, ndiyo. Mgeni wetu ana haki ya kukata gharama za safari, kazi ya kutafuta mnunuzi, na faida ya kiasi. Huo ni ujira wa kazi. Lakini anayechukua ng'ombe na kuacha mbuzi hakuchukua ujira. Amechukua mali ya mtu. Wahenga walisema, "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani." Biashara inayoogopa mwenzako asije akaerevuka ina kasoro tayari.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliendelea mbele zaidi. Alifundisha kwamba mwuzaji akipata hasara kubwa kwa kuachana na kitu chake, aweza kudai zaidi ya thamani ya kitu, kusudi hasara yake ifidiwe. Lakini mnunuzi akiwa na shida kubwa ya kitu, na mwuzaji asipate hasara yoyote, haifai kupandisha bei kwa sababu ya shida ile. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si ya mwuzaji, naye hawezi kuuza kisicho chake. Tukiligeuza neno hili upande wa pili, linafika mpaka Kashuga. Tangu vita vya mwaka 1993 watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, na Kashuga imekuwa na kambi za wakimbizi. Mtu anayekimbia huuza mbuzi wake kwa bei ya kuku. Amekubali, ndiyo, lakini amekubali kama anavyokubali mtu aliye chini ya mti unaoanguka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bei ya jirani mwema haishushwi na mlio wa risasi.

Basi, mgeni akilipa bei kamili ya ng'ombe kadhaa, mambo yote yamekwisha? La. Bado kuna swali kubwa kuliko bei. Mbuzi akiuzwa, aliyemnunua atamla au atamfuga. Bastola ikiuzwa, hatujui itamwelekea nani. Ilitengenezwa kwa ajili ya shabaha ya karatasi, lakini risasi haijui tofauti ya karatasi na kifua. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa mwenye silaha, na sababu yake inafahamika hata kwa asiyejua kusoma. Bei ya haki husafisha mizani kati ya wawili; haiwasafishi mbele ya yule wa tatu atakayepigwa.

"Basi mzee apate hasara?" Hapo ndipo penye uzito. Tujifunze kwa Msumbiji. Vita vya nchi ile vilikwisha kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hii na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianza kupokea silaha na kutoa majembe, baiskeli, cherehani na mabati. Silaha zilikatwa vipande, na mafundi wakavitumia kutengeneza sanamu na viti. Hawakuuliza chuma kile kina bei gani kwa muuaji. Waliuliza mtu huyu anahitaji nini apate kuishi bila silaha.

Lakini hata wema unahitaji kipimo. Huko Liberia, mwaka 2003 na 2004, kila mpiganaji aliyejiandikisha aliahidiwa dola 300. Watu zaidi ya 100,000 waliandikishwa, na silaha zilizokusanywa hazikufika 30,000. Fedha ikiwa nyingi kuliko uangalizi, hata asiyepigana huja kupanga mstari.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Asiiuze gizani, wala asiipeleke kwa mwenye nguvu wa siku ile, maana mwenye nguvu wa leo si wa kesho. Aitoe mbele ya mashahidi wanaoaminika, iharibiwe isiweze kupiga tena. Wakusanyaji wa Ulaya watasikitika, na ng'ombe wale watapotea. Nani amfidie? Mtakatifu Tomaso ametupa jibu: anayeachana na chake akapata hasara, anastahili kufidiwa na wale wanaopata faida. Na faida hapa ni ya nani? Ni ya majirani, ambao watoto wao watalala salama zaidi kwa bastola moja. Basi nao wachange: huyu debe la maharage, yule siku moja ya kulima, wengine bati la nyumba yake. Wakimwacha mzee apate hasara peke yake, hawana tofauti na yule mgeni: nao wamepokea kitu cha thamani kwa bei ya bure, kwa sababu tu mwenyewe hakudai.