Aibu ya Kitu na Aibu ya Mtu

Katika darasa yetu lilizuka juzi suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini tulipoliingia tuliliona lina kina. Mmoja wetu alinunua spika mbili mpya za nyumbani katika duka moja la hapa Mombasa, akazichukua kwa tuktuk hadi kwake Kibokoni zikiwa ndani ya kasha lao, limefungwa vile vile lilivyotoka kiwandani. Alizifungua usiku baada ya sala ya Isha. Akavua vitambaa vya mbele, akazitazama moja moja, akakuta ya pili imechubuka ubavuni, mchubuko wa urefu wa kidole. Usoni mwake ilikuwa salama. Akaziweka kando pasi na kuzipiga, akanuia kuirudisha dukani asubuhi.

Kulipokucha aliona jambo la pili. Kile kikofia cha katikati, kizuiacho vumbi lisiingie ndani ya spika, kilikuwa kimebonyea, na lile bonyeo lilikuwa kadiri ya ncha ya kidole cha mtoto wa miaka sita. Na mtoto wa miaka sita yumo nyumbani.

Jirani yake akamshauri: "Sheikh, ipeleke vivyo hivyo. Mchubuko umetoka nao dukani, na hilo bonyeo ni nani ajuaye?" Na ndugu yetu akakiri mbele yetu kwamba nafsi yake ilikuwa tayari imemtungia udhuru: labda hakutazama vyema kwa taa ya usiku. Suala lake kwetu lilikuwa hili: ikiwa mtu ana haki ya kweli mkononi, je, yafaa aibebeshe na isiyokuwa haki?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kitu chenyewe, kwani hukumu pasi na ujuzi ni dhulma. Ndani ya spika mna sumaku, na koili ya waya mwembamba iliyoshikamana na koni. Umeme wa sauti ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo koni hutikisa hewa, na mtikiso huo ndio sauti tuisikiayo. Spika za namna hii zilielezwa na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na hata leo nyingi za majumbani zafuata kanuni hiyo. Basi kasoro si zote sawa. Mchubuko wa ubavuni haugusi sauti kabisa. Bonyeo la kile kikofia katika spika kubwa aghlabu halibadilishi sauti kwa kadiri ya kusikika. Lakini koni ikipasuka, au mpira wa pembezoni ukichanika, au koili ikisugua sumaku, hapo spika hukoroma na kitu kimeharibika. Na ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita, uso wake ni laini mno. Yake hata bonyeo dogo laweza kudhuru.

Mwenye duka huenda akasema: ikiwa sauti haikudhurika, madai ni ya nini? Twamjibu kwamba aliuza kipya na akapokea bei ya kipya. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuipima aibu kwa jicho la muuzaji wala kwa hasira ya mnunuzi. Waliipima kwa thamani: kila kinachopunguza kitu au bei yake mbele ya wenye kuijua biashara hiyo, na kwa desturi kitu cha namna hiyo huwa hakina, hicho ni aibu, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Hata ikiwa muuzaji hakujua, haki ya mnunuzi haiondoki. Lakini akijua na akaficha, hapo ameongeza dhambi. Wengi wetu twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu ya watu wake. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wanunuzi.

Hayo tumeyasikia mara nyingi, na twapenda kuyasikia, kwa sababu wengi wetu si wenye maduka. Kisa cha nafaka twakisimulia kila mtu akimnyoshea kidole muuzaji. Lakini je, yule aendaye dukani na kasoro aliyoifanya mwenyewe, akaichanganya na kasoro ya kiwanda, ana tofauti gani na aliyefunika nafaka mbichi kwa nafaka kavu? Mmoja ameficha aibu ili auze, mwengine ameficha asili ya aibu ili alipwe. Tendo ni moja, na kilichobadilika ni upande wa meza tu.

Lugha yetu imetupa hapa somo ambalo twalipita kila siku bila kulitazama. Neno aibu tunalitumia kwa kitu chenye kasoro, na neno hilo hilo twalitumia kwa mtu aliyefanya jambo la kufedhehesha. Aibu ya kitu huonekana, hupimwa, na bei yake hukatwa. Aibu ya mtu haionekani na yeyote ila mwenyewe, wala hapana fundi wa kuikadiria. Mwenye akili hainunui hii ya pili ili aponye ile ya kwanza.

Walio katika darasa hawakunyamaza. Mmoja alisema, mwenye duka ni tajiri, naye atairudisha kwa aliyemletea, hapati hasara. Tukamuuliza: wayajua hayo, au wayatumai? Huenda itakayemwangukia hasara ni yule kijana wa kubeba makasha, atakayeambiwa kwamba yeye ndiye aliyebonyeza na mshahara wake ukakatwa. Mwengine akasema, hao wauzaji nao wametudhulumu mara ngapi? Hili ni kweli, na aliyedhulumiwa aidai haki yake kwa aliyemdhulumu. Lakini deni la muuzaji wa jana halilipwi na muuzaji wa leo, na dhulma mbili hazikai mizanini zikatoa uadilifu.

Basi hukumu ya suala letu ni hii. Mchubuko ni aibu ya zamani. Ulikuwako kabla ya kitu kuingia mkononi mwa mnunuzi. Bonyeo ni aibu mpya, limezuka kwake. Kwa kauli ya madhehebu yetu, aibu mpya ikizuka kwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kitu. Lakini haki yake katika aibu ya zamani haikufa: ima wapatane muuzaji akipokee na afidiwe ile mpya, ima mnunuzi akae nacho na arudishiwe upungufu wa bei kwa ile ya zamani. Tazameni uadilifu huo: kila mmoja hubeba cha kwake.

Na hilo ndilo lililofanyika. Lakini aliyemwelekeza ndugu yetu njia si sisi. Alipokuwa akiirudisha spika ndani ya kasha, mwanawe alimjia, akaitazama, akauliza: "Baba, na yule wa dukani pia alitia kidole?" Neno "pia" likatosha. Ndugu yetu alitwambia kwamba aliona mbele yake njia mbili: amfundishe mtoto kwamba kosa likifichwa hulipwa na mwengine, au amfundishe kwamba kosa likisemwa huisha. Samaki mkunje angali mbichi. Akamshika mkono, wakaenda pamoja dukani, akayasema yote mawili, la duka na la nyumbani. Muuzaji kwanza aliudharau mchubuko. Kisha akaita mwenziwe wa biashara hiyo, wakaukadiria, akarudisha fedha, chini ya alivyotaraji mnunuzi. Waliagana kwa mikono. Lile bonyeo fundi alilivuta taratibu kwa utepe wa gundi, mtoto akitazama, na sasa halionekani ila kwa mwenye kulijua.

Kutokana na haya twawausia wasomaji wetu mambo machache. Fungueni kasha dukani, mbele ya muuzaji, mkitazame kitu pande zote na mkisikie kikilia. Mkigundua aibu nyumbani, msikitumie wala msikitengeneze kwanza, kwani matumizi baada ya kujua ni dalili ya kuridhika. Rudini upesi, na usiku ni udhuru hata asubuhi. Mkifika, semeni mlijualo na msilolijua. Na enyi wauzaji, wekeni unyevu juu ya nafaka: spika iliyochubuka iuzeni kwa bei ya iliyochubuka, na mnunuzi mwenye kuridhika na mchubuko hatakosekana.

Spika zile sasa zalia Kibokoni, na mchubuko ungaliko ubavuni. Ndugu yetu asema hataki kuupaka rangi. Wallahu aalam.