Jani la Kunde, Zebaki na Majaliwa ya Mungu

Imani kwamba Mungu hakuleta maradhi bila kuleta dawa yake, ambayo imeenea kwa Waislamu na kwa Wakristo pia, hukutana na mtihani mgumu katika mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Geita na Kahama, ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma na kuvuta mvuke wake. Zebaki ikishaingia mwilini hushikamana na glutathioni, kemikali yenye salfa ambayo seli huitumia kujilinda, na kinga hiyo inapopungua, radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, huzidi kuwa nyingi. Hizo hunyang'anya haidrojeni kutoka kwenye asidi za mafuta zinazounda utando wa seli. Asidi iliyopokonywa hujiunga na oksijeni na kuipokonya jirani yake, na mnyororo huo usipokatwa utando huharibika na kuvuja. Vitamini E, inayokaa ndani ya mafuta hayohayo, huukata kwa kutoa haidrojeni yake yenyewe, kisha vitamini C huirejesha katika hali yake ya awali.

Kwa kuwa vitamini zote mbili hutengenezwa na mimea, ni rahisi kuhitimisha kwamba mlonge na majani ya kunde viliumbwa viwe ngao ya mchimbaji. Lakini jani la kunde huiweka vitamini E katika kloroplasti, sehemu inayonasa nuru, kwa sababu jua linalolilisha ndilo linaloweza kuliunguza. Hujikinga lenyewe kwanza, na likichemshwa na kuanikwa kuwa nsansa, mboga ya akiba ya Wasukuma, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Jambo hili peke yake haliangushi hoja ya majaliwa, kwani Thomas wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba kiumbe kipo kwanza kwa ukamilifu wake, kisha kwa ajili ya viumbe vilivyo bora kukipita.

Udhaifu wa hoja uko kwingine. Zebaki ya mwaloni haikuteremshwa kama maradhi, ilinunuliwa; wala vitamini haziiondoi mwilini, na ziada yake si salama daima, kwani huko Ufini, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Tena mvuke humfikia mtoto aliye uani, ambaye hakununua wala hakuchoma. Theolojia inayomwagizia mtoto huyo mboga kabla ya kumtaka mwenye mwalo achomee katika chombo kilichofunikwa humtwika Mungu wajibu ambao Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, uliwapa wanadamu ulipotaka uchomaji wa wazi, na hasa ule wa kwenye makazi, ukomeshwe.