Kicheko Kilichomtoa Bibi Kanisani

Masomo: Mithali 26:18-19, Marko 5:35-43



Mgeni akifika Moshi wakati wa masika anaweza kukaa siku tatu bila kuuona mlima. Mawingu hushuka mpaka juu ya migomba, na asiyejua angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba upande wa kaskazini hakuna kitu ila mvua. Sisi wenyeji humcheka kidogo, kisha humwambia aamke alfajiri kabla jua halijapanda. Akiamka, anaiona Kibo imekaa pale pale na weupe wake kichwani, ingawa weupe wenyewe siku hizi ni mdogo kuliko ule walioujua babu zetu.

Tunaanza na mlima kwa sababu mlima huu ulikwisha kuleta kicheko kikubwa duniani, na aliyechekwa alikuwa mtu wetu.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama kile kile ambacho Waanglikana wengi wa nchi hii tulipokea Injili kwa mikono yake, alitoka Rabai karibu na Mombasa akaja Uchagani. Tarehe 11 Mei aliuona mlima kwa mbali, na juu yake kitu cheupe. Alipomwuliza kiongozi wake kile ni kitu gani, akajibiwa kuwa ni baridi. Tunalipenda sana jibu hilo. Mtu wa pwani ambaye hakuwa na neno la theluji alitaja kile alichokijua, wala hakuongeza. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji, akatambua mara moja. Habari zake zilichapishwa Uingereza mwaka 1849.

London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley. Msidhani alikuwa mjinga. Ndiye aliyeanzisha Hakluyt Society mwaka 1846, chama cha kuchapisha habari za safari za zamani, na mambo ya Afrika aliyachunguza kwa bidii kwa miaka mingi. Ila nchi hizi zetu hakupata kuzikanyaga. Yeye akaandika kwamba theluji karibu na Ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari amedanganywa na macho yake au na mawazo yake. Wasomi wengine wakacheka pamoja naye. Mwaka 1849 Krapf, mwenzake Rebmann, aliuona mlima huo huo akasema ni kweli. Haikusaidia kitu. Mwaka 1852 Cooley alitoa kitabu, bado ameshikilia lake. Kisha ikaja ramani waliyoichora Rebmann na Erhardt, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Kicheko kikaanza upya. Hapo tukiri kwamba ramani ilikosea, maana lile ziwa moja ni maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini ramani hiyo iliyochekwa ilikuwa moja ya sababu za kutumwa Burton na Speke kuja kutazama, na bila kutazama wangejua nini?

Mwaka 1861 alikuja Baron von der Decken pamoja na Thornton, mtaalamu wa miamba. Mwaka 1862 Baron alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya meta 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo. Rebmann aliendelea na kazi yake Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi kwao karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Macho yaliyoitwa ya uongo yalizimika kwa kazi.

Na katika miaka yote hiyo ya mabishano, sijui kama walikumbuka kuwauliza watu wa Machame! Wao walikuwa wamekwisha kujua kuwa weupe ule ukipata joto unakuwa maji. Zipo habari, alizozisikia Rebmann mwenyewe, za mtawala mmoja wa Machame aliyewatuma watu wake kupanda kuchunguza, na baridi ikawala. Wenye mlima walilipa kwa mikono na miguu yao ili kujua. Wenye kucheka walikaa karibu na moto London.

Sasa, kwa nini tunawaletea habari hizi katika gazeti la parokia? Ni kwa sababu Cooley tumemwona hapa kwetu, na tulipomtazama vizuri usoni tukakuta ni sisi.

Kama mjuavyo, mtaa wetu una kikundi chake katika simu. Matangazo ya ibada hupita humo, na habari za wagonjwa, na za misiba, na siku hizi hata sadaka hutumwa kwa simu. Humo pia watu huulizana mambo ya vyombo hivi: simu imegoma, ujumbe hauendi, picha haifunguki. Vijana wanajua, wazee wanauliza. Ni jambo jema. Linatukumbusha mfongo. Wazee wetu walichimba mifongo ya maji mlimani bila mhandisi hata mmoja wa kutoka nje, wakayapitisha maji kando ya majabali, na wenye mfongo mmoja walikutana kugawana zamu na kwenda pamoja kuuzibua. Asiyefika kazini alitozwa. Katika kikao cha namna hiyo mtu akinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, hata kama ni yeye peke yake aliyeona ukingo umebomoka, watu wote wa chini watakosa maji.

Basi jioni moja Bibi mmoja, mjane, mwanachama wa Umoja wa Mama tangu sisi tukiwa wadogo, aliandika katika kikundi. Alianza kwa salamu ndefu, kama barua. Akatuuliza hali za nyumbani, akamwombea Kasisi, ndipo akasema anataka kutuma sadaka yake kwa simu na hajui namna. Akaeleza alivyofanya mpaka hapo, na katika kueleza akaiandika na namba yake ya siri, wazi, mbele ya watu zaidi ya mia.

Mmoja wetu akajibu kwamba Bibi ametoa sadaka kamili, sanduku pamoja na ufunguo wake. Vikafuata vile vikatuni vya nyuso zinazocheka hata kutoa machozi. Mwingine akauliza kama Bibi anahitaji na fundi wa kumfungulia Biblia. Tena vicheko. Na sisi tunaoandika maneno haya tulicheka, tukaweka uso wetu wa kucheka pamoja na nyingine. Tuliona ni utani tu. Kijana mmoja, tena ambaye hatumwoni sana kanisani, alimpigia Bibi simu kando, akamwongoza kubadili namba ile usiku huo huo. Hakuandika neno lolote kikundini.

Asubuhi Bibi alikuwa amejitoa katika kikundi. Jumapili hakuja. Tulisema labda mvua. Jumapili ya pili tukasema labda miguu. Ilipopita miezi miwili ndipo tulisikia kwamba amekuwa mgonjwa, amelala wiki tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu habari za wagonjwa hupita katika kikundi kile kile ambacho tulimcheka akatoka.

Ndugu zangu, Kanisa halikatazi kicheko. Sara alicheka, na mtoto wake akapewa jina lenye maana ya kicheko. Bwana wetu mwenyewe aliwapa wana wa Zebedayo jina la utani, akawaita wana wa ngurumo, na aliposema habari za mtu mwenye boriti nzima jichoni anayetaka kumtoa mwenziwe kijiti, tunaamini waliosikia walicheka. Nathanaeli alitania kijiji cha Nazareti kabla hajamwona Yesu, na Yesu hakumkemea, bali alimsifu kuwa mtu asiye na hila.

Hata sisi tu watu wa utani. Mpare na Mchaga wakikutana sokoni Moshi, huyu atamwambia mwenzake habari za kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na yule atajibu habari za mtu aliyeamka kitandani kwa kusikia sarafu imeanguka. Hakuna anayekasirika. Na Waanglikana wa hapa, tulio wachache kati ya Walutheri na Wakatoliki wengi, tumetaniwa mara nyingi kwamba sisi tulifika Moshi wa kwanza, mwaka 1885, na wa kwanza kuondoka, mwaka 1892. Ni kweli tupu, nasi tunacheka.

Lakini utani wa wazee ulikuwa na sheria. Uliwahusu watani, na mtani alijulikana: kabila fulani na kabila fulani, babu na mjukuu, mtu na shemeji yake. Na mtani aliyekuchekesha msibani ndiye aliyekushikia jembe la kaburi. Kicheko chake kilikuwa na deni. Nani alipata kusikia mtu akimtania mama mkwe wake mbele ya watu mia? Katika simu mambo hayo yamechanganyika. Mkwe, mjukuu, Kasisi na jirani wamekaa wote kwenye benchi moja gizani, na mtu anatupa neno bila kuona limempiga nani. Mwandishi wa Mithali anamfananisha mtu wa namna hiyo na kichaa anayerusha moto na mishale, kisha akiulizwa anasema alikuwa akicheza. Tumelisoma somo hilo mara nyingi tukiwafikiria watoto wa jirani.

Tena kuna jambo la pili, nalo twaona ndilo zito zaidi. Katika nyumba ya Yairo watu walimcheka Bwana. Walicheka kwa nini? Marko na Luka wanatupa habari hiyo, na Luka anaongeza kwamba walikuwa wanajua ya kuwa mtoto amekufa. Walikuwa na hakika. Hapo ndipo kicheko cha Cooley kilipotoka, na ndipo kilipotoka chetu: tulikuwa tunajua. Tulijua namba ya siri haiandikwi, kwa hiyo tukamcheka asiyejua. Bwana hakubishana nao. Aliwatoa nje, akaingia na baba na mama na wanafunzi watatu. Waliocheka hawakuuona muujiza. Tumekaa na neno hilo siku nyingi.

Mtu anayeuliza jambo asilolijua mbele ya wenzake ni kama mgeni aliyesimama mlangoni na viatu vina matope. Wakati huo hana utetezi. Adabu yetu sisi watu wa mlimani ni kumkaribisha kwanza, maji ya kunawa baadaye. Rebmann mwenyewe alipoagwa Machame alitemewa mate, na mgeni mwingine angeona ni tusi. Ilikuwa baraka. Alipokea baraka ya watu aliokuwa hajazielewa vizuri desturi zao, akaendelea na safari.

Basi tulifanya nini kwa Bibi? Kwanza tulitaka kumwandikia ujumbe. Mzee mmoja wa kanisa akatuuliza kama tuna akili timamu, kwamba jeraha la simu tulipeleke dawa kwa simu. Akakata jani la isale kwenye mpaka wa shamba lake, akatupa. Wachaga wote mnajua jani hilo. Aliyekosa akilileta, aliyekosewa hawezi kumfukuza. Tulikwenda watatu, Jumamosi baada ya saa kumi, pamoja na yule aliyeandika habari za sanduku na ufunguo.

Bibi alikuwa amekaa barazani na blanketi mabegani. Tukaamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Tulipolitoa isale alilipokea, akaligeuza geuza, akaliweka magotini. Akakaa kimya. Kisha akatuambia kwamba hakuumia kwa ajili ya namba. Aliumia kwa sababu kati ya nyuso zile zilizocheka aliziona nyuso za watoto aliowafundisha Katekisimu, na yeye miaka ile hakupata kumcheka hata mmoja aliyekosa jibu.

Hatukuwa na la kusema. Naye akatugeukia sisi, akatuuliza kama tumekwisha kujua ile Amri ya saba, maana siku ya mtihani wa Kipaimara tulimjibu mbele ya Askofu kwamba hatujaifikia. Wale wenzetu wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Bibi akacheka kuliko wote, akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya blanketi. Tulistahili.

Halafu akaitoa simu mfukoni mwa gauni, imefungwa katika leso, akasema, "Haya, nionyesheni polepole. Namba yangu siwaambii."

Tukamwonyesha. Mara ya kwanza alikosea, na mara ya pili. Mara ya tatu shilingi elfu mbili zikaenda, na ujumbe wa kupokelewa ukaja. Akatuomba tumsomee. Tulipomaliza akasema tusome tena.