Mlima Chini ya Ngao

Katika nembo ya Tanzania, mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu kandokando ya ngao wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na katika nembo ya Kenya simba wawili wenye mikuki wamesimama juu ya Mlima Kenya, ambao umechorwa pamoja na kahawa, chai, mkonge, pareto na mahindi. Elimu ya nembo, yaani kanuni za kuchora na kusoma alama za ngao zilizoanzia Ulaya karne ya 12, huipa ardhi inayokanyagwa na washika ngao cheo cha chini kabisa, kiasi kwamba nembo isiyo nayo haihesabiwi kuwa na kasoro.

Hapo ndipo linapozuka swali la kidini. Wachaga wa kale walikiheshimu Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, na kuwazika wafu wao nyuso zikikielekea, huku wakimwita Mungu Ruwa, jina ambalo pia ni la jua. Wakikuyu nao walimwomba Mungu wao, Ngai, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, desturi iliyokipa jina kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938. Kwa watu hao mlima uko juu, na mtu huuinulia uso. Kwa mchora nembo uko chini, na mtu huuwekea mguu.

Je, huko ni kuunajisi? Anayejibu kwamba msingi ndio ubebao nyumba ana hoja, lakini haitoshi, kwa kuwa msingi hujengwa na wanadamu, ilhali utakatifu wa mlima ulitokana hasa na kutojengwa na yeyote. Tena dola zenyewe hazikuridhika na mlima wa chini: usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, tendo ambalo juu ya kichuguu lingekuwa mchezo wa watoto.

Pengine kushushwa huko ndiko kulikouwezesha mlima kuwa wa wote. Mwislamu wa Pemba, ambaye imani yake haimruhusu kukiinamia kiumbe, angetatizwa na mlima uliotukuzwa juu ya ngao, lakini ardhi haidai ibada, na juu yake anaweza kusimama pamoja na mwenzake wa Moshi. Gharama ya ushirika huo, hata hivyo, haikugawanywa sawa, maana Mpemba hakuombwa kushusha chochote.